Hema kubwa la familia: Makalia, Naivasha, Kakamega au Elgon?

Familia inayopanga kwenda kupiga kambi huku kwetu, kuanzia Naivasha hadi Mlima Elgon, kwa kawaida huulizia kwanza bei na wanyama. Kwa hema dogo la watu wawili au watatu maswali hayo yanatosha, kwa sababu hema la aina hiyo hupata pa kukaa popote. Hema la watu wanane lina masharti yake, na karibu yote yanahusu ardhi: upana wake, mteremko wake, ugumu wake, na nani mwingine analala hapo usiku huo. Hapa nalinganisha maeneo ambayo familia za Nakuru, Kisumu, Eldoret na Kakamega zinaweza kuyafikia kwa gari bila safari ya kuchosha watoto. Nimeyapima kwa jinsi yanavyolipokea hema kubwa, si kwa uzuri wa picha zake.

Vipimo kabla ya safari

Mahema mengi makubwa tunayoyaona Kenya yametengenezewa soko la nje, na mengine yamekuja kama mitumba. Uingereza, kwa mfano, kambi hugawanywa viwanja vyenye namba, na mwenye hema huambiwa mapema kama kiwanja kitamtosha. Kambi nyingi za huko pia hutaka mita 6 kati ya hema na hema, ili moto ukilishika moja usirukie jingine. Huku viwanja vya namba ni nadra. Kwenye mbuga za KWS, yaani Shirika la Wanyamapori Kenya, unalipia kila kichwa kwa kila usiku, si ukubwa wa hema, kisha unajichagulia pa kusimama. Hilo linampendelea mwenye hema kubwa, ila ni lazima ajue anachotafuta na afike kabla jua halijazama.

Maandishi ya "watu 8" kwenye mfuko wa hema maana yake ni watu wanane waliolala bega kwa bega, kila mmoja na sentimita 60 hivi, bila begi hata moja. Kwa kweli hema hilo linajazwa na familia ya watu watano au sita wenye magodoro. Sakafu yake, likiwa ni lile refu la matao, huwa na urefu wa mita 6 hadi 7 na upana wa mita 4. Kamba za kulikaza huongeza mita moja au zaidi kila upande. Kwa hiyo tafuteni mahali pa wazi pa mita 10 kwa 7, pasipo mizizi, kichuguu wala jiwe lililozama nusu. Kama hamna futi ya kupimia, ni hatua ndefu za mtu mzima 13 kwa 9.

Kwenye simu, mita hazimsaidii sana mlinzi wa kambi kukisia. Mpe magari. Probox ina urefu unaozidi mita 4 kidogo, kwa hiyo Probox nane, safu mbili za nne nne, zinakaribia kabisa nafasi mnayoihitaji. Swali linakuwa hivi: "Habari ya asubuhi, afande. Hapo pana mahali tambarare pa kuegesha Probox nane, safu mbili, bila mti katikati?" Ukiuliza "je, kuna nafasi?" utaambiwa nafasi ni tele, na hatakuwa amekudanganya.

Makalia au kando ya Ziwa Naivasha

Kwa familia ya Nakuru huu ndio uamuzi wa kwanza, na zote mbili ziko ndani ya kaunti.

Kambi ya Makalia iko kusini mwa Hifadhi ya Ziwa Nakuru, jirani na maporomoko ya mto Makalia. Ni kambi ya umma, maana yake yeyote aliyelipa anaweza kulala hapo, na huduma zake ni za kawaida sana. Ardhi ndiyo sababu ya kuipenda. Ni uwanja wa nyasi ambapo hema kubwa hunyooka na bado likabaki eneo la meko na gari. Mbuga yenyewe ina kilomita za mraba 188, imezungushiwa ua, na ndani yake mna faru, nyati, simba na chui. Kambi haina ua wake. Hilo wengine huliona hatari. Mimi naona ni jambo la kupangwa. Unaweza kumwomba askari wa kulinda kambi kwa malipo, na kwa familia yenye watoto wadogo nasema ombeni, msihesabu gharama hiyo kama anasa.

Hapa ukubwa wa hema unawafaa. Usiku hakuna kutoka, basi chumba cha mbele kinakuwa sehemu ya ndoo au choo cha mtoto, na mtu mzima anaweza kusimama wima kumbadilisha mtoto nguo bila kufungua zipu ya nje. Hema dogo halitoi nafasi hiyo.

Adui mkubwa wa Makalia ni nyani. Hawaogopi hema, na hema kubwa lenye madirisha na kibaraza linawapa milango mingi. Chakula chote kikae ndani ya gari, vioo vimefungwa, hata kile kipande cha mkate cha mtoto. Msiende kutazama wanyama mkaacha hema na ndizi ndani. Mtarudi mkute ukuta umepasuliwa, na kitambaa cha hema kubwa si rahisi kukishona porini.

Jambo la pili ni maji ya ziwa. Ziwa Nakuru limepanda sana katika miaka ya karibuni, likafunika lango kuu la zamani na barabara za kando yake, kwa hiyo ramani za zamani zinapotosha. Ulizeni ni lango gani linalofika kusini kwa urahisi siku hiyo. Mnaotoka upande wa Nairobi, malango ya Lanet na Nderit ndiyo ya kuulizia kwanza.

Kuna njia nyingine ndani ya mbuga hiyo hiyo ambayo naipendekeza kwa familia mbili au tatu zinazosafiri pamoja: kambi maalumu, kama ile ya Naishi. Kambi maalumu hukodishwa kwa kundi moja tu. Hakuna jirani, hakuna redio ya mtu, na hema kubwa mawili au matatu yanakaa kwa umbali wa heshima. Gharama yake ni ada ya ziada ya kuiweka, na kwamba hakuna huduma: maji, kuni na namna ya choo mnabeba wenyewe. Ada hiyo ikigawanywa kwa familia tatu inavumilika. Kwa familia moja ni nzito, hasa kwa kuwa Nakuru, pamoja na Amboseli, iko kwenye daraja la juu la viingilio vya KWS.

Naivasha ni hadithi nyingine. Kusini mwa ziwa, kwenye barabara ya Moi South Lake, zimejipanga kambi za watu binafsi, na Fisherman's Camp na Camp Carnelley's ndizo zinazojulikana zaidi. Mnapiga hema chini ya migunga mirefu yenye magome ya manjano, mna mabafu, mgahawa, na duka la karibu. Kwa familia inayolala hemani mara ya kwanza, au yenye shosho anayehitaji choo cha kukaa, Naivasha inashinda Makalia bila ubishi.

Lakini hema kubwa lina mitihani mitatu hapo. Udongo wa asili ya volkano ni mwepesi, na vigingi vyembamba vinavyokuja na hema hutoka kirahisi upepo wa alasiri unapoanza. Nunueni vya chuma vyenye urefu wa sentimita 30 kwa fundi wa kuchomelea, na mgongo mwembamba wa hema uelekee upepo. Mtihani wa pili ni migunga yenyewe. Kivuli chake kinavuta, na tawi lake kavu huanguka hata siku tulivu. Angalieni juu kabla ya kuangalia chini. Wa tatu ni viboko, wanaotoka ziwani usiku kula nyasi. Kambi nzuri huwa na ua wa umeme upande wa maji. Hema lenu liwe ndani ya ua huo, si karibu na pengo, na mwulize mwenyeji kama umeme unawashwa kila usiku.

Ziwa hilo nalo limepanda. Mwaka 2020, na tena 2025, maji yaliingia mtaa wa Kihoto na kuhamisha watu, na nyasi za kambi za ufuoni hazikusalimika. Kwa hiyo picha ya uwanja mpana uliyoiona haikuhakikishii uwanja huo upo. Omba picha ya leo, na gari likiwa ndani ya picha ili uone kipimo.

Wikendi ndefu msiende na hema kubwa Naivasha. Mahema hubanana hadi kamba zinapishana, na muziki hauzimwi. Wiki ya Safari Rally ndiyo mbaya kuliko zote. Mbio hizo zilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, zikawa zinafanyika Juni, na tangu 2024 zimekuwa Machi. Wiki hiyo waachieni wapenzi wa magari.

Nikiulizwa nichague moja, nasema Makalia katikati ya juma, kwa familia iliyokwisha kulala hemani hata mara moja. Kwa wanaoanza, Naivasha, Jumapili hadi Jumanne ya likizo.

Hell's Gate: acheni hema kubwa nyumbani

Hifadhi hii ya mwaka 1984, yenye kilomita za mraba 68, ni ya ajabu kwa watoto. Wanaendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Lakini kambi zake za umma, Naiburta na Ol Dubai, ziko kwenye miinuko ya pande mbili za bonde, na mandhari hayo yanalipiwa kwa upepo. Hema refu la matao ni tanga. Ardhi nayo ni ya mawe, vigingi hugoma katikati, na huwezi kufunga kamba zote kwenye mawe ya kuokota. Bebeni mahema mawili madogo ya kuba, yanayosimama hata kabla ya kigingi cha kwanza, au laleni Naivasha na mwingie mbugani asubuhi kupitia lango la Elsa. Tena, mkiona wingu juu ya milima, msishuke korongoni na watoto. Mafuriko ya ghafla yaliua watalii humo mwaka 2019.

Kakamega na Elgon

Upande wa magharibi uamuzi ni kati ya mvua na baridi.

Msitu wa Kakamega una sehemu mbili za kulala. Kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa chini ya KWS tangu 1985, na unaifikia kwa barabara ya Kakamega kwenda Webuye. Kusini, Isecheno, iko chini ya idara ya misitu. Kwa hema kubwa naipa Buyangu ushindi, kwa sababu ya kambi ya Udo's. Hapo pana uwazi wa nyasi ndani ya msitu na vibanda vya makuti pembeni. Maana ya vibanda hivyo kwa familia ya kwetu ni kubwa. Mwana wa mjomba na vijana walale hemani, bibi na mama mwenye mtoto mchanga walale kibandani, na asubuhi wote wanywe chai kwenye meko moja. Sijaona mpango unaolingana na familia pana vizuri kuliko huo.

Raha nyingine ya Buyangu ni kutembea. Hakuna simba wala nyati wa kuwazuia watoto, mbega weupe kwa weusi wanaruka juu ya vichwa, na mwongozaji anaweza kuwapeleka hadi kilima cha Buyangu kuona msitu wote ukiwa chini. Watoto wanaochoshwa na kukaa garini huku wakiambiwa "tulieni" wanapona hapa.

Mvua ndiyo bei yake. Msitu hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na mara nyingi hunyesha alasiri, kwa nguvu, na radi. Hema kubwa lina paa pana, na paa likilegea hutengeneza bwawa. Kazeni kamba tena saa nane mchana, hata kama jua linawaka. Mlango uangalie upande wa kuteremkia maji, na turubai la chini lisitokeze nje ya sakafu hata kidole, maana likitokeza linayakusanya maji na kuyapeleka chini ya magodoro. Msichague sehemu ya chini kabisa ya uwanja, hata iwe ndiyo tambarare zaidi.

Kisha siafu. Mstari wao ukiamua kupita chini ya hema lenu, hauombi ruhusa. Kabla ya kusimamisha, zungukeni na mwangalie njia zao, na jioni nyunyizeni majivu ya meko kulizunguka hema kama wanavyofanya wenyeji majumbani. Zipu ikae imefungwa hadi mwisho, kwa ajili yao na kwa ajili ya nyoka. Mbu nao wapo, na eneo hili lina malaria: hema lisilo na chandarua kizima madirishani halifai, liwe kubwa namna gani.

Mlima Elgon, hifadhi ya mwaka 1968 yenye kilomita za mraba 169, ni mwendo kutoka Kitale kupitia Endebess hadi lango la Chorlim. Kambi ya Chorlim iko karibu na lango, na hilo ndilo linaloifanya ifae hema kubwa: hamburuzi mzigo mzito kwenye barabara inayoteleza. Za ndani, kama Nyati na Rongai, ziachieni wenye gari la kupanda na hema jepesi. Vibanda vya KWS vya Kapkuro vipo pia, kwa wale ambao mifupa haitaki baridi.

Na baridi ni ya kweli. Mko juu ya mita 2,000, na hema kubwa halipati joto kwa pumzi za watu kama dogo. Hewa iliyomo ni nyingi mno. Suluhisho ni kulala wote kwenye chumba kimoja cha ndani, kile cha kitambaa chepesi, na kuacha vingine vya mizigo. Wekeni blanketi chini ya godoro kabla ya kufikiria la juu, kwa sababu ardhi ndiyo inayonyonya joto. Pumzi hugeuka maji kwenye kuta, basi acheni tundu la hewa wazi hata kama mnatetemeka.

Hapa nasisitiza kwa moyo wote: msiingize jiko la makaa hemani. Hata dakika kumi, hata makaa yakionekana yamekuwa majivu. Gesi yake haina harufu, haina rangi, na imeua watu waliolala wakidhani wanajipasha joto. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye kitambaa inatosha miguu ya mtoto.

Kivutio cha Elgon ni mapango, hasa Kitum, ambamo ndovu huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe. Nendeni na askari, na watoto wasishike popo wala mavi yao, wanawe mikono kabla ya kula. Wagonjwa wa virusi vya Marburg wa mwaka 1980 na 1987 walikuwa wamelitembelea pango hilo, na tahadhari hii haipunguzi ladha ya safari.

Kati ya hizi mbili, familia yenye watoto walio chini ya miaka saba iende Kakamega. Wenye vijana wa sekondari waende Elgon.

Tarehe

Likizo za shule hazikupangwa kwa kuangalia hema. Aprili ni masika kila mahali katika orodha hii. Agosti wengi hudhani ni kavu, lakini Nakuru huwa na kilele kingine cha mvua mwezi huo, na magharibi haijaacha kunyesha. Desemba, hasa baada ya katikati ya mwezi, ndiyo nafasi nzuri, na Kakamega hubaki nzuri hadi Februari. Kama mna Agosti tu, chagueni mahali penye vibanda.

Zilizobaki

Kisumu, ndani ya mji, kuna hifadhi ndogo ya swala pala ya mwaka 1992, hekta 34 tu, kando ya Ziwa Victoria. Kwa usiku wa majaribio haina mpinzani, maana mkishindwa kulisimamisha hema, nyumbani ni karibu. Upepo wa mchana hutoka ziwani, wa usiku hutoka nchi kavu, kwa hiyo kazeni kamba za pande zote mbili, na msilale karibu na maji palipo na njia ya viboko. Kisiwa cha Ndere kinavutia, ila mzigo wote unapanda mashua. Hema la kilo 25 na watoto watano kwenye mashua moja, mimi siwezi kulishauri.

Ruma, kilomita za mraba 120 katika bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, ndiko pekee Kenya mnakoweza kumwona korongo, yule swala mkubwa aitwaye roan kwa Kiingereza, porini. Nafasi ipo ya kutosha mahema kumi. Lakini udongo mweusi wa mfinyanzi ukinyeshewa hunasa gari na kumeza vigingi, na kuna mbung'o. Mdudu huyu huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, hata mitego ya kumnasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mahema mengi makubwa ya madukani ni ya bluu. Kama lenu ni la bluu, lifunikeni kwa turubai la kijani hafifu au la kaki, na nguo za watoto ziwe za rangi hiyo hiyo.

Saiwa, karibu na Kitale, ina kilomita za mraba kama 3 na hakuna gari linaloingia. Mnatembea juu ya njia za mbao hadi kwenye majukwaa ya kumtazama nzohe, swala wa kwenye matope aitwaye pia sitatunga. Uwanja wa kambi uko langoni, kwa hiyo hema halisafiri mbali na gari. Mkiwa njiani kwenda Elgon na jioni imewakuta Kitale, laleni hapo, msilisukume hema kubwa gizani hadi Chorlim.